Somo: Mgeni akikwambia amekuja kuvusha roho Husuni Kubwa

Assalaam alaykum waongoza watalii wenzangu wa Kilwa, Lindi na Mtwara. Somo hili nimeombwa na wenzetu wa Mikindani, maana na wao wameanza kupata wageni wa namna hii. Mgeni anakuandikia kwamba hataki kuona tu magofu ya Husuni Kubwa, lile jumba la sultani Kilwa Kisiwani, anataka "kuzisaidia roho zilizokwama". Ujumbe wa kwanza nilipoupata nilidhani simu imetafsiri vibaya. Haikukosea. Nimeshapeleka makundi matatu, na la kwanza lilinitoa jasho.

Mjue kwanza ni watu gani. Hawa hawaji kutishana na mizuka. Ni imani yao, kwa Kiingereza Spiritualism, na chanzo chake wanakihesabu Hydesville, jimbo la New York, Marekani, mwaka 1848, pale mabinti wa ukoo wa Fox waliposema marehemu anawajibu kwa kugonga. Ikavuka bahari ikaota mizizi Uingereza. Wako miongoni mwao wanaosema kuna wafu ambao hawajajua kama wamekufa: aliyeuawa ghafla, aliyekufa na kinyongo, bado wanazunguka palepale. Basi wanakaa duara, mmoja anamwazima marehemu mdomo aseme, wengine wanamweleza kwa upole kwamba yameisha, aende zake. Hugh Dowding, aliyeongoza ndege za kivita za kuilinda Uingereza mwaka 1940, alishiriki kazi hiyo kwa ajili ya askari waliokufa vitani. Kwa hiyo usimcheke mgeni wako. Anayeazima mdomo sisi tunamwita kiti, na wengi wetu tumekua tukisikia ngoma za pepo nyumba ya tatu. Ila mganga wetu anampunga pepo atulie kichwani kwa mtu, na hawa wanataka atoke kwenye jengo.

Na majengo wanayoyapenda ni ya wafalme. Kwao lipo jumba la Hampton Court, karibu na London. Inasimuliwa kwamba Catherine Howard, mke wa tano wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, alikimbia kwenye ujia wa jumba hilo akipiga ukelele wa kumwomba mumewe msamaha. Alikatwa kichwa Tower of London tarehe 13 Februari 1542, na wapo wanaosema ukelele wanausikia mpaka leo. Mtu aliyezoea hadithi hiyo akisoma kwamba Kilwa Kisiwani kuna jumba la sultani lililobaki gofu, anakata tiketi.

Hatua ya 1. Muulize anamtafuta nani

Hapa ndipo wengi wetu tunalala. Usipojua historia, mgeni atakutungia historia na wewe utaitikia.

Husuni Kubwa ni ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14. Imekaa juu ya jabali, bahari iko chini yake, vyumba vinapita mia, lina birika la pembe nane, na ujenzi haukumalizika. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani huyo, watu wakimwita Abul Mawahib kwa ukarimu wake. Anasimulia jinsi fakiri kutoka Yemen alivyomwomba nguo alizovaa, na sultani akaenda kuzivua akampa.

Kundi langu la kwanza lilikuwa na mama mmoja wa makamo. Alikaa kwenye ukingo wa birika, akavua viatu, akafumba macho. Machozi yakamtoka, machozi ya kweli, yakidondoka kwenye jiwe. Akasema chini ya sakafu kuna mfalme amefungwa minyororo, gerezani. Baadaye, kwenye kivuli cha mbuyu, nilimuuliza kwa adabu gereza limetokea wapi. Akanionyesha ramani yake. Alikuwa amesoma neno "Gereza" na mwenyewe hakujua kwamba ni ile ngome ya ufukweni, unaposhukia kwenye boti, waliyoianza Wareno mwaka 1505 na Waarabu wa Omani wakaijenga upya baadaye sana. Sisemi alidanganya. Nasema ramani nayo ilikuwa imempanda.

Akitaka waliokufa na kinyongo, mpe habari zilizoandikwa. Mweleze mwaka 1587, Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, walipoingia kisiwani na kuua watu kwa maelfu. Mpeleke Makutani, jumba la masultani wa karne ya 18, umweleze kwamba mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia mkono mkataba na Mfaransa Morice, wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, piasta 20, fedha ya wakati huo, kwa kichwa. Makundi yote matatu yalimtaka sultani. Hakuna hata mgeni mmoja aliyeniuliza habari za wale elfu moja, na kama kuna roho zilizokwama pwani hii ningeanza na hao.

Hatua ya 2. Kibali, halafu wazee

Kibali cha magofu kinakatwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Andikeni kazi yenyewe ilivyo, msiandike "matembezi" kisha mkakutwa mmekaa duara.

Wazee ndio kazi. Kisiwani ni kijiji, kuna watu, kuna msikiti, kuna makaburi yenye wenyewe. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, yeye atakupeleka kwa mzee na shehe. Mgeni avue viatu, akae mkekani, na shikamoo umfundishe ndani ya boti. Kundi la pili nililipeleka hivyo. Mzee alisikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho, akakohoa, akauliza: "Hao wafu tunawasomea Yasini kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Huyu nani kamwambia wamekwama?" Nilitafsiri neno kwa neno, bila kulainisha. Mgeni akanyamaza, kisha akaomba kama anaweza kukaa na kusikiliza Yasini hiyo. Mzee akakubali. Wale ndio wageni waliokwenda zao na kitu, kwa maoni yangu, na kule Husuni walikaa nusu saa tu.

Usiende kwa wazee mikono mitupu. Ubani, sukari, na sadaka ya msikiti mkononi mwa shehe, si mkononi mwako.

Hatua ya 3. Maji na saa

Vukeni asubuhi, mtoke magofuni kabla ya magharibi. Watakuomba usiku, kataeni. Kuna ngazi zilizobomoka, kuna visima, na nahodha wako akiona giza na upepo wa kusi hakuja kukuchukua ng'o.

Mkiwa kwenye mkondo wasimulieni habari ya kale. Ali bin al-Hasan, wa Shirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo ndefu za kukizunguka chote. Zamani hizo maji yakipwa mtu alivuka kwa miguu. Aliyeuza akahamia bara, akataka kurudi kupigana, ndipo ikasomwa Kurani na kutolewa sadaka, na njia ya miguu ikafunikwa na bahari. Wageni hawa huipenda habari hiyo kuliko zote, na inawafanya waheshimu maji, jambo ambalo jaketi la kuokolea peke yake haliwafundishi.

Hatua ya 4. Vitu vya kubeba na vya kuacha

Mishumaa isivuke. Kundi la kwanza walikuja na mishumaa midogo ya vikombe vya bati, nikaona haya kukataa. Upepo ukaangusha mmoja juu ya ukuta. Jiwe la matumbawe lina vitundu kama mkate, likainyonya nta yote. Nikataka kukwangua kwa kisu, mlinzi akanishika mkono: ukikwangua nta unakwangua na chokaa iliyopigwa miaka mia saba iliyopita. Doa lipo, naliona kila nikipita.

Chetezo na ubani vifukizwe pale mzee atakapoonyesha, si ndani ya vyumba. Na vigae vya vyungu haviondoki hata kimoja, hata akisema anakihitaji "kwa mawasiliano". Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haimuulizi mtu anawasiliana na nani.

Hatua ya 5. Wakati wa duara

Wewe simama nje ya duara. Usishike mkono wa mtu, usiitikie maneno usiyoyajua. Kaa karibu kiasi cha kudaka mtu akianguka, maana wanaanguka, na mara nyingi ni jua na njaa. Maji, kivuli, ndizi mbili.

Mkiulizwa "unasikia chochote?" semeni mnachosikia. Mimi huwa nasikia mawimbi na mbuzi.

Hatua ya 6. Malipo

Nusu kabla ya boti kuondoka. Nilishaambiwa kwamba kazi ya roho haina bei. Dizeli inayo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwenzetu wa Mikindani: Shikamoo kaka. Mimi nina Boma la Wajerumani la 1895, si jumba la mfalme. Nifuate hatua hizihizi?

Marahaba mdogo wangu. Zifuate, ila hapo pana jambo zito zaidi. Waliouawa enzi za Mjerumani wana wajukuu walio hai. Mwaka huohuo wa 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje, kwenye mti unaoitwa mpaka leo Mwembe Kinyonga. Mgeni akitaka kuongea na marehemu wa aina hiyo, aanze kwa ukoo wake. Ukoo ukikataa, yameisha.

Dada wa Lindi mjini: Huu si ushirikina? Nina swala tano, nahofia riziki yangu isije ikaingia doa.

Hofu hiyo nilikuwa nayo, nikampelekea shehe wangu. Aliniuliza: "Unakaa nao?" Hapana. "Unaomba wanachoomba?" Hapana. "Basi wewe ni dereva, umemfikisha mtu." Lakini akaniambia pia siku moyo ukikataa nisiende, nisitafute fatwa ya pili. Kuna kundi nimelikataa mwaka huu kwa sababu hiyo tu.

Kijana wa Masoko: Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Polisi wakitukuta je?

Swali zuri, na ndiyo sababu nimesisitiza kibali. Marufuku ya 2015 ilikuwa ya ramli chonganishi, ile ya kumtaja jirani kwamba ndiye mchawi, na iliyofuatana na mauaji ya wenzetu wenye ualbino. Sheria ya Uchawi nayo ipo tangu mkoloni. Kwa hiyo mwiko wa kwanza: mgeni asimtabirie mwanakijiji. Wa kundi la tatu alianza kumwambia mama mmoja muuza kashata kwamba kuna mtu wa karibu anamwonea kijicho. Nilikatisha hapohapo, nikasema nauli ya boti inapanda kila dakika. Kwa maneno yale watu wanaweza kuchomeana nyumba.

Mwenzetu wa Kilwa Kivinje: Hii baridi ambayo wageni wanasema huwapata roho ikiwa karibu, ni ya kweli? Nami niliwahi kuisikia pale Husuni, karibu na ngazi, nywele zikasimama.

Nami pia. Kule Hampton Court mtafiti Richard Wiseman na wenzake waliufanyia utafiti ule ujia, wakiwauliza mamia ya wageni wamesikia nini na wamesimama wapi. Watu wengi walitaja sehemu zilezile, na watafiti wakageukia mambo ya mahali penyewe, kama hewa na mwanga. Pale kwenye ngazi zetu upepo unapanda na jabali kutoka majini, nawe una jasho la kutembea kutoka Gereza. Simama palepale saa sita mchana maji yamepwa, halafu uje unieleze. Nywele zikisimama tena, basi mdogo wangu una jambo lako.

Dada wa Lindi mjini, tena: Mgeni wangu kauliza kama sisi tuna wa kwetu wanaosema na roho, au tunajua kupokea wao tu.

Mpe Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe kule Umatumbini. Inasimuliwa kwamba pepo Hongo alimchukua akazama majini, ndugu wakamlilia, kesho yake akatoka nguo kavu, akianza kutoa habari ambazo hakuwa nazo. Wajerumani walimnyonga Mohoro, Agosti 1905, vita ya Maji Maji ikiwa imeshawaka. Mwambie wa kwetu hakukaa nusu saa akaondoka na boti.

Kijana wa Masoko, tena: Kaka, sema kweli. Hizo roho zilivuka?

Jioni ile ya kundi la kwanza tulikuwa katikati ya mkondo, mama yule kachoka, kichwa kakiegemeza kwenye ubavu wa boti. Akaniambia wamevushwa kumi na mmoja. Nahodha, mtu mzima, akaniuliza kasemaje, nikamtafsiria. Akawahesabu abiria kwa kidole, akarudia tena, akaniuliza nauli ya hao kumi na mmoja analipa nani.