Namna ya Kuichambua Filamu ya Save the Tiger

Anayetaka kuichambua Save the Tiger, filamu ya mwaka 1973 iliyoongozwa na John G. Avildsen, aanze na fedha kabla ya kuuliza kama Harry Stoner, mhusika wake mkuu, ni mtu mwema au mwovu. Shika kalamu, na kila fedha zinapotajwa andika zinatoka kwa nani, zinadaiwa na nani, na ni nani atakayeumia zisipopatikana. Kwa njia hiyo utaona mapema kwamba kampuni ya nguo ya Harry na mshirika wake Phil Greene, mjini Los Angeles, haizami kwa uvivu: mwaka uliotangulia waliivusha kwa kuchezea vitabu vya hesabu, na sasa, nguo mpya zikiwa karibu kuonyeshwa kwa wanunuzi, hawana mtaji wa kuendeleza kazi. Ndipo linapokuja wazo la kukichoma moto kiwanda chao cha Long Beach ili bima iwalipe.

Hapo isimamishe filamu ujiulize swali ambalo watazamaji wengi hulipita: kati ya kughushi hesabu na kuchoma jengo, mpaka uko wapi, na nani aliuweka? Mabishano ya Harry na Phil juu ya jambo hili ndiyo kiini cha filamu nzima, na yanastahili kutazamwa mara mbili, kwanza ukimsikiliza Harry anavyojitetea, kisha ukimwangalia Phil, anayeigizwa na Jack Gilford, katika nyakati anazonyamaza. Anayemchukua Phil kuwa sauti ya dhamiri pekee anakosea, kwa maoni yangu, kwa sababu mkate wake unatoka katika kampuni ileile iliyookolewa na hesabu za uongo.

Hatua inayofuata ni vita. Harry alipigana Anzio, nchini Italia, ambako majeshi ya Marekani na Uingereza yalitua Januari 1944, na anapopanda jukwaani kuwahutubia wanunuzi anawaona wenzake waliokufa wamekaa kwenye viti. Usiifanye kumbukumbu hiyo kuwa udhuru wake. Chunguza anachodhani anadaiwa na wafu hao, kisha ukilinganishe na anachodaiwa na walio hai, wakiwamo mafundi wanaotegemea kiwanda hicho kwa riziki.

Kuhusu uigizaji, mfuatilie Jack Lemmon, anayemwigiza Harry na aliyepata Oscar ya mwigizaji bora kwa kazi hii: kasi ya usemi aliyoizoea katika vichekesho inatumika hapa kama kinga ya mtu anayeogopa kunyamaza.

Ukifika mwisho, kumbuka kwamba moto wenyewe hauonyeshwi. Usijaze pengo hilo kwa kubuni kama mpango ulifaulu au ulishindwa. Andika hukumu yako juu ya yale ambayo Harry ameshayakubali kwa kinywa chake, maana hayo umeyashuhudia.