Hamu ya sigara ikipanda, itazame tu

Nimeijua hii nikiwa namsaidia ndugu yangu kuacha sigara. Hamu ikija, usiitii na usipigane nayo. Kaa, tafuta inabana wapi mwilini: kooni, kwenye taya, au kwenye vidole vinavyotafuta kitu cha kushika. Tuliza akili hapo hapo, pumua kawaida, uangalie inavyopanda hadi kileleni na inavyoshuka. Ikihamia kifuani, ifuate. Mara nyingi nusu saa haiishi kabla haijapoa, hata kama hujavuta.

Mbinu ni ya Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, aliyeunganisha tafakuri ya Kibudha iitwayo vipassana na saikolojia ya tabia. Aliifananisha hamu na wimbi: unalipanda mpaka livunjike. Inasaidia kwa sababu ubongo umezoea kwamba hamu hufuatwa na sigara, na sigara na nafuu. Kila hamu inayopita bila sigara inalegeza mazoea hayo. Kujiambia "nisifikirie sigara" ndiko kunakoifanya ikugande kichwani.

Ukiwa na njaa kali, au pakiti iko mfukoni, utashindwa. Kula kwanza, na pakiti itoke kabisa nyumbani. Ila kwa mtu anayekunywa pombe kila siku, akiikosa anatetemeka mikono na kutoka jasho, msijaribu hii kumwachisha pombe. Kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege, hata kifo. Huyo mpelekeni hospitali.