Kikoba chenye watu wa hulka tofauti: nani apewe kazi gani, na ugomvi uzuiwe vipi

Kikundi cha watu ishirini na tano wanaokutana kila wiki kuweka hisa hakikosi mkali mmoja, mwenye huruma, mshika sheria, mcheshi, na yule anayekaa karibu na mlango asiyetoa neno mpaka kikao kinafungwa. Wote wanahitajika. Shida ni kwamba vikoba vingi hugawa vyeo kwa kuangalia nani anapendwa na nani ana sauti kubwa, halafu ikifika mwezi wa tatu mwenyekiti na katibu hawasalimiani.

Maelezo haya yanahusu kikoba cha kawaida: sanduku lenye kufuli tatu, hisa moja hadi tano kwa kikao, mkopo usiozidi mara tatu ya akiba ya mwanachama, na mgao mwisho wa mwaka. Viwango vya shilingi ni vya mfano, wekeni vyenu.

Kumjua mtu kabla ya kumpa cheo

Msihangaike na vipimo vya kwenye simu vinavyokwambia wewe ni aina gani ya mtu. Kile maarufu chenye aina 16, kilichotungwa na Mmarekani Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, huwapa watu wengi jibu jingine wakikirudia baada ya wiki chache. Hulka ni jambo la kuzidi na kupungua, na wengi wetu tuko katikati. Kwa kazi ya kikoba, kutazama kunatosha.

Tengeni vikao vitatu vya kutunga katiba kabla ya hisa ya kwanza kuwekwa, na watu wawili wawe na kazi ya kuangalia tu. Swali likitupwa bila kumtaja mtu, nani hujibu kwanza, na nani hajibu hata mara ya tatu? Ikitajwa faini, nani anauliza "shilingi ngapi?" na nani anauliza "na kama amefiwa?" Mkishakubaliana, nani anataka makubaliano yasomwe tena, na nani ameshashika mkoba anataka kuondoka? Mkipata majibu ya maswali hayo kwa kila mwanachama, mna zaidi ya mnachohitaji.

Angalizo moja: umri na undugu huficha hulka. Mwanamke aliyenyamaza mbele ya mama mkwe wake huenda ndiye mkali kuliko wote sokoni anakouza. Mkiwa na wakwe, mashemeji au mwajiri na mfanyakazi wake ndani ya kikundi kimoja, msiwape kazi ya pamoja ya kukaguana. Mkwe hatamwambia mama mkwe kwamba noti zimepungua.

Nani akae wapi

Kamati huwa na watu watano: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Nje ya kamati kuna watunza funguo watatu, kila mmoja na ufunguo wake, na mtunza nidhamu anayekusanya faini.

Mwenyekiti asiwe msemaji kuliko wote. Anayefaa ni yule anayeweza kusikiliza pande mbili bila uso kubadilika, na akasema "muda umekwisha" bila kuomba radhi. Msemaji akiketi kwenye kiti hicho, kikao cha saa moja na nusu kinakuwa cha saa tatu, na wenye biashara huanza kutuma hisa zao kwa watoto.

Ukatibu ni wa mtu wa hesabu, yule asiyelala kama jumla haijakubali. Kasoro yake ni polepole. Akitumia dakika mbili kwa kila mtu, watu ishirini na tano wamekula dakika hamsini, na wenye haraka wameshaanza kuguna. Dawa ni kumpunguzia maandishi: tumieni vitabu vya wanachama vyenye mihuri, hisa moja mhuri mmoja, na nafasi za hisa zisizonunuliwa zipigwe mstari papo hapo. Jumla ya kikundi inaandikwa mara moja tu, mwishoni.

Mpole asiyejua kusema "hapana" hutiliwa shaka, lakini anaweza kutunza sanduku vizuri kabisa kwa sharti moja: asishike ufunguo hata mmoja. Jirani akija jioni na "nipunguzie elfu thelathini, narudisha kabla ya kikao", jibu lake ni rahisi, "sina ufunguo". Mahali ambapo mpole haifai kuwekwa ni kwenye simu yenye fedha za kikundi inayofunguka kwa namba ya siri ya mtu mmoja. Huko hana kufuli za kumkinga. Kama mnatumia simu, chagueni akaunti ya kikundi ambayo haitoi fedha mpaka watu zaidi ya mmoja waidhinishe.

Mdadisi, yule anayehoji kila senti, mpeni kazi ya kuhesabu fedha. Akiwa nje ya kamati atasumbua kila kikao; akiwa na noti mkononi maswali yake yanakuwa ndiyo kazi yenyewe. Mhesabu mwenzake awe mtulivu, na wahesabu kwa sauti mbele ya wote.

Utunza nidhamu wengi humpa mkali. Hapo sikubaliani nao. Mkali humfanya mtu alipe faini ya shilingi 500 leo na asionekane wiki ijayo. Mcheshi asiyeona haya hukusanya 500 hiyohiyo huku watu wanacheka, na aliyelipa anarudi. Mkali mwenye haraka mpeni kazi zenye mwisho: kutafuta mahali pa kukutania, kufuatilia usajili halmashauri (Tanzania unahitajika chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018), kusimamia manunuzi ya sikukuu. Huko ukali wake ni faida.

Wakimya ni watunza funguo wazuri. Na kwao kuwa na ufunguo ni sababu ya kufika kila wiki.

Huruma na sheria

Mgongano huu ndio wa kwanza kujitokeza, kwa kawaida juu ya faini ya kuchelewa. Mama mmoja amefika nusu saa baadaye, mtoto alikuwa na homa. Mwenye huruma anasema aachwe. Mshika sheria anakumbusha kwamba wiki iliyopita mwingine alilipa ingawa bodaboda yake ilipata pancha. Wote wawili wana hoja, na ndiyo maana hawaachi.

Kosa lilitokea mapema zaidi: katiba imetaja faini bila kutaja udhuru. Andikeni orodha fupi wakati hakuna mtu wa kuhurumiwa wala kulaumiwa. Kwa mfano: msiba wa mtu wa nyumbani, kulazwa au kuuguza, kujifungua, na safari iliyotolewa taarifa kwenye kikao kilichotangulia. Kisha ongezeni namna ya kutoa taarifa: simu au ujumbe kwa mtunza nidhamu kabla ya muda wa kuanza kikao. Kisichomo kwenye orodha kinalipiwa. Mwenye huruma akitaka kumsaidia mtu, amlipie hiyo 500 kutoka mfukoni mwake, na isijadiliwe.

Kwa matatizo makubwa upo mfuko wa jamii. Uwe kwenye mfuko wake wa kitambaa ndani ya sanduku, mchango wake uwe sawa kwa wote, tuseme 1,000 kwa kikao, na viwango vya msaada viandikwe: msiba kiasi gani, kulazwa kiasi gani. Hapo mwenye huruma ana pa kupeleka huruma yake bila kuchimba fedha za hisa.

Haraka, hesabu na ukimya: siku ya mikopo

Mikopo ndipo hulka zote hukutana, basi tuitazame kwa karibu. Ni wiki ya ishirini, hisa moja ni 2,000. Sandukuni mna 600,000 za kukopesha. Mwanachama wa kwanza, mwenye haraka, ana hisa 70, yaani akiba ya 140,000, ukomo wake 420,000, anaomba 400,000. Wa pili ana hisa 42, ukomo 252,000. Anaomba 250,000 za ada. Wa tatu, mkimya, ana hisa 60, ukomo 360,000, lakini anaomba 150,000 tu. Jumla 800,000. Pengo ni 200,000.

Bila utaratibu, mambo huenda hivi. Mwenye haraka anasema aliomba kwanza, apewe zote. Mtu wa hesabu anaanza kueleza kanuni ambayo hakuna anayeisikiliza. Mwenye huruma anasema ada haisubiri. Kisha mkimya, kabla hajaulizwa, anatamka, "Mimi naweza kungoja." Kikundi kinashusha pumzi, kikao kinafungwa. Baada ya kungoja mara tatu mkimya huyo anaondoka mwisho wa mwaka na akiba yake, na kila mtu anashangaa kwa sababu hakuwahi kulalamika.

Fanyeni hivi badala yake:

1. Mwenyekiti hupokea maombi yote kwanza: jina, kiasi, matumizi, miezi ya kurejesha. Hakuna kujadili bado.
2. Katibu anahakiki ukomo wa kila mmoja, anasoma jumla na fedha zilizopo.
3. Ni marufuku kuondoa ombi kabla ya jumla kusomwa. Kanuni hii humlinda mkimya dhidi ya hulka yake mwenyewe.
4. Fedha zikipungua, kila ombi linapunguzwa kwa uwiano mmoja. Hapa 600,000 kwa 800,000 ni asilimia 75: wa kwanza 300,000, wa pili 187,500, wa tatu 112,500.
5. Sasa ndipo anayetaka kumwachia mwenzake anaweza kufanya hivyo, kwa kutaja kiasi na jina, na katibu anaandika. Kikao kijacho aliyeachia anatangulia.

Hesabu hii huchukua kama dakika tano. Mwenye haraka huikubali kwa kuwa ina mwisho, na mtu wa hesabu kwa kuwa inakaguliwa.

Kwa maamuzi mengine, mzunguko wa duara husaidia: kila mtu sentensi moja, akianza aliyejiunga karibuni na kumalizia wazee na viongozi. Wakianza wakubwa, wadogo watasema "naunga mkono" mpaka mwisho. Uchaguzi wa viongozi na jambo lolote linalomgusa mtu kwa jina lipigiwe kura ya siri. Punje ya mahindi ni ndiyo, harage ni hapana, kila mtu anatumbukiza moja kwenye kopo na nyingine kwenye mfuko wa mabaki.

Kwenye WhatsApp, kanuni mbili zinatosha: deni la mtu halitajwi kwenye kundi, na hoja ikijibiwa mara mbili bila kuisha inahamia kikaoni. Msemaji hutuma sauti ya dakika nne saa tano usiku, mtu wa hesabu hujibu kwa orodha, mkali hujibu kwa herufi kubwa, na asubuhi kuna watu wawili wamejitoa.

Wakishagombana

Msiwasuluhishe siku hiyohiyo mbele ya kikundi. Mkali hupoa haraka na husahau. Mkimya hupoa polepole na hakumbuki alichosamehe ila alichoambiwa. Wapeni siku mbili, zisizidi saba, maana kikao kijacho kisiwakute hivyo. Msuluhishi awe mmoja anayekubalika kwa wote wawili, na ikiwezekana asiwe mwenyekiti, kwa sababu atahitaji kuwaongoza tena.

Kila mmoja aeleze tukio: siku gani, kiasi gani, neno gani lilisemwa. Maneno kama "wewe kawaida yako" yakatwe papo hapo. Makubaliano yawe ya kitendo kimoja, mfano katibu atasoma salio la kila mtu kabla ya kufunga daftari.

Mdogo akimsahihisha mkubwa, namna ya kusema ndiyo nusu ya kazi. "Mama, umekosea" huleta vita. "Shikamoo mama. Naomba tuhesabu mihuri pamoja, daftari langu linaonyesha 34" humwachia nafasi ya kuona mwenyewe.

Na fedha zikipotea, acheni mazungumzo ya hulka kabisa. Funguo zote tatu ziletwe, sanduku lihesabiwe mbele ya wote, vitabu vya wanachama vilinganishwe na daftari, upungufu uandikwe na katiba ifuatwe. "Ndivyo alivyo" si maelezo ya laki mbili zilizopungua.

Baada ya mgao

Kamati ichaguliwe upya kila mzunguko, hata kama mnaipenda. Katibu tu ndiye abaki miezi miwili ya mwanzo kumfundisha anayempokea. Anayetaka kutoka aondoke siku ya mgao, deni lake likiwa limekatwa kwanza kwenye hisa zake. Kabla hajaondoka, mkimya wa kikundi, si mwenyekiti, amuulize faraghani sababu, na jibu lipelekwe kwenye kikao cha kurekebisha katiba bila kumtaja jina.