Jinsi ya kuendesha darasa la wazazi mtaani Lamu, kila umri na somo lake

Ukitaka kuanzisha darasa la wazazi mtaani kwako, iwe Langoni, Wiyoni, Shela ama kule Matondoni, kitu cha kwanza usiwakusanye wote pamoja. Mama wa mtoto wa wiki tatu na mama wa mtoto wa miaka minne hawana shida moja, huyu hajalala usiku kucha na chuchu zamuuma, yule wake anatupa sahani ukutani na chuoni, yaani madrasa, hataki kwenda, ukiwaweka mkeka mmoja kila mmoja atakaa kungoja zamu yake na saa nzima itaishia kwenye soga. Gawanya kwa umri wa mtoto. Mimba mpaka arubaini, kisha mpaka miezi sita, kisha mpaka mwaka, mwaka mpaka miaka mitatu, halafu mitatu mpaka aanze PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Watu wanane mpaka kumi na wawili kwa kikundi watosha kabisa.

Kabla hujaita mtu yeyote nenda kwa mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, manake yeye ndo anazijua nyumba zote, nani ana mimba, nani amejifungua juzi, na ukienda naye milango inafunguka. Ongea pia na nesi wa kliniki ya watoto aje japo mara moja kwa kila kikundi. Mahali pazuri ni kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba, kwa mama anayeheshimika mtaani, wakati mzuri ni baada ya alasiri, saa kumi hivi mpaka kumi na moja, mtu amalize arudi nyumbani kabla ya magharibi. Kila mtu aje na kitabu cha kliniki.

Na bibi aitwe. Hili nalisisitiza kuliko yote manake huku kwetu mzazi akiwa ndani ya arubaini si yeye anayeamua, anaamua mama yake ama mavyaa, mama mkwe. Ukimfundisha msichana peke yake atafika nyumbani aambiwe "na nyinyi tuliwaleaje?" na mambo yote yameisha hapo. Kwa hivyo mwamkie vizuri, mpe kiti, mwombe afundishe yale anayoyajua, kumkanda mtoto, kumwogesha, nyimbo za kumbembeleza, na akishamaliza ndo nesi aongeze yake. Bibi aliyesikilizwa naye atasikiliza.

Kikundi cha mimba mpaka arubaini ndo chenye maneno mengi. Mtoto anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na yale maziwa ya kwanza ya manjano, dang'a, yasikamuliwe yakamwagwa, hayo ni kinga yake ya mwanzo. Asali isimguse mdomoni mpaka atimize mwaka, hata tone, sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana navyo na vikamlegeza misuli mpaka kupumua kukamshinda. Hapa utakuja kuulizwa kuhusu tahniki, ile desturi ya dini ya kumpaka mtoto mchanga kitu kitamu mdomoni, na usijibu kwa dharau, asili ya tahniki ni tende, mkalishe sheikh wa mtaa na nesi mapema walizungumze, asali iwekwe kando. Wanja pia, najua mtoto anapendeza, lakini wanja nyingine zina madini ya risasi na risasi inaharibu ubongo unaokua. Kitovuni hakuna jivu wala samli, ni ile dawa aliyopewa hospitali.

Halafu wafundishe kuhesabu pumzi, usiwaambie tu "akipumua haraka". Mtoto awe ametulia, fulana ipandishwe, mtu aangalie tumbo likipanda na kushuka huku mwingine ameshika simu imewekwa dakika moja. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 na kuendelea ni hatari, miezi miwili mpaka mwaka ni 50, mwaka mpaka miaka mitano ni 40. Mtoto aliyegoma kunyonya, aliyepatwa na degedege, anayetapika kila kitu ama aliyelegea haamki, huyo haingojwi asubuhi. Na wale wa visiwani, Faza, Kizingitini, Kipungani, darasa hilohilo limalizike mkishakubaliana ni boti ya nani itakayotoka usiku na mafuta yatatoka wapi.

Usisahau kumuuliza mama mwenyewe. Akiwa analia hovyo, hana hamu na mtoto, na imepita wiki mbili, hiyo si deko wala si jini, mpeleke kwa nesi.

Arubaini mpaka miezi sita maneno ni machache. Ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana, hata kaskazi likiwa la kuunguza, manake ndani ya maziwa maji yamo tayari. Alale chali. Chanjo ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14, fungueni vitabu muangalie pamoja nani amekosa. Muda uliobaki wote utumie kwa mchezo huu. Mama akae mkekani ameinua magoti, mtoto alale juu ya mapaja wakiangaliana, uso kwa uso umbali wa shubiri hivi. Mama atoe ulimi polepole kisha anyamaze. Wengi hapo hawavumilii wanaanza kumsemesha tena, waambie wangoje, wahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Utaona miguu inaanza kupiga, mdomo unafunguka, saa zingine na ulimi unatoka kweli, na kiwanda kizima kinapiga vigelegele. Hapo ndo uwaambie kwamba mtoto anaongea tangu sasa, anachohitaji ni mtu wa kumngoja ajibu.

Miezi sita mpaka mwaka, ingieni jikoni. Chakula cha mtoto si lazima kipikwe kando, chukua kilekile cha nyumbani kabla pilipili na chumvi nyingi hazijaingia, wali wa nazi, mchicha, kipande cha samaki. Samaki mpasue kwa vidole si kwa uma, upapase mara mbili, mwiba mdogo macho hayauoni ila kidole kinauhisi. Ponda kwa mgongo wa kijiko, lainisha na maziwa uliyokamua ama maji yaliyochemshwa, kisha inamisha kijiko, chakula kikimwagika kama maji basi ni chepesi mno, kinajaza tumbo na nguvu hakina. Uji mwepesi siku nzima ndo unaowakondesha watoto wengi. Aanze na vijiko viwili vitatu mara mbili tatu kwa siku, akifika miezi tisa apate mara tatu nne, na kati yake papai, ndizi, embe ikiwa msimu. Yai apewe zima, kiini na ute. Chai ya rangi usimpe, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini na umri huu ndo anayahitaji sana. Vitamini A inaanza miezi sita, chanjo ya surua miezi tisa halafu mwaka na nusu, hii ya pili wengi wanaisahau kwa sababu mtoto ashakuwa anakimbia. Mhudumu wa afya aje na utepe wa kupima mkono, chini ya sentimita 11.5 ni kliniki siku hiyohiyo.

Mwaka mpaka mitatu ndo umri wa viboko, na darasa hili nakuomba ulichukulie kwa uzito wote. Mtoto wa miaka miwili anayejitupa chini sokoni hana adabu mbaya, ana hasira kubwa kuliko maneno aliyonayo. Fanyeni igizo, mama mmoja awe mtoto, mwingine amnyang'anye kisu, watu waangalie. Anayefundishwa achuchumae mpaka macho yalingane, aseme polepole "umekasirika kwa sababu nimekichukua, kisu chakata, shika mwiko huu." Atalia bado, sawa, alie, mama abaki hapo karibu asimfokee. Mkirudia mara tatu nne na mama tofauti ndo yanashika.

Simu nayo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema chini ya miaka miwili bora asiangalie kabisa, miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku. Wazazi watauliza sasa atulie na nini, waambie watoke naye, Lamu barabara yetu yenyewe ni darasa, mtajie punda, mkokoteni, jahazi, ngalawa, muoneshe na umngoje akwambie. Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, kinatosha, Kiingereza atakikuta shuleni.

Kwa usalama, kila mzazi atambae kwa magoti jikoni kwake aone kile mtoto anachokiona. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda yatoke leo, na mtoto akishayanywa asitapishwe, akimbizwe hospitali. Ndoo za maji zifunikwe, kisima kiwe na kifuniko, ngazi ya kwenda juu ya paa iwe na kizuizi. Na mtoto asiyetembea mpaka miezi 18 mpeleke akaangaliwe, msingoje "atatembea tu".

Mitatu mpaka mitano wazazi wanataka mtoto ajue kuandika. Mkono wake bado haujakomaa, mpe mchanga, unga wa kukanda, makombe ya baharini ya kuhesabu, kalamu itafuata. Jioni muwe na vitendawili, kitendawili, tega, ni kazi kubwa ya akili ile. Ratiba ya chuo na ya PP1 ziwekwe pamoja, mwiteni mwalimu wa chuo na wa shule kikao kimoja, mtoto wa miaka minne akitoka huku aingie kule bila kula wala kulala atachukia kote kuwili.

Kina baba wawekeeni siku yao, lakini waulize kwanza habari ya bamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na maji madogo, mvuvi anafuata maji hafuati kalenda ya ukutani. Ijumaa baada ya sala wengi utawapata. Wape kazi ya kushika, kumbeba mtoto, kumlisha, kumtegea kitendawili, hotuba wamezizoea.

Baada ya kila darasa tuma voisi fupi kwenye grupu, dakika moja, jambo moja tu, wale wasiosoma sana wasikie na mavyaa aliyekosa asikilizishwe nyumbani. Mama aliyekosa mara mbili mfuateni na mhudumu wa afya mpaka kwake, msimwandikie kwenye grupu mbele ya watu, na mkifika mtazameni yeye kwanza, mtoto baadaye.