Njia ya gari juu ya mtaro: kuingia nyumbani bila kuziba maji ya mtaa

Kipande cha ardhi kilicho kati ya ukuta wako na lami si chako. Hata kama unakifagia kila asubuhi na umekiwekea pevingi (vitofali vya zege vya kutandaza) kwa hela yako, kinabaki kuwa hifadhi ya barabara. Humo ndimo unamopita mtaro wa mvua, bomba la maji na nguzo ya umeme. Unaruhusiwa kupita juu yake kuingia kwako, lakini kukizungushia minyororo, kupanga mawe ili wengine wasiegeshe, au kukiongezea kibaraza ni jambo jingine, na siku barabara ikipanuliwa hakuna fidia ya kudai.

Kwanza ujue barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa, kama Bagamoyo, Nyerere, Kilwa na Mandela za Dar es Salaam, ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Mitaa ya ndani iko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Kwa barabara kuu na za mkoa kanuni ya jumla ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Kabla ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilikuwa mita 22.5. Barabara ya Morogoro ina upana wake wa pekee, mkubwa zaidi ya huo, na bomoabomoa ya mwaka 2017 kuanzia Kimara iliwakuta wengi walioamini wako salama. Mtaa wa ndani hufuata ramani ya mipangomiji. Kwa hiyo usipime kwa hatua za miguu, wala usifuate ukuta wa jirani, kwani huenda naye amejenga nje. Chukua ramani ya kiwanja, tafuta bikoni zako (alama za mipaka ya kiwanja), na kama zimefukiwa mwite mpima ardhi azifufue.

Kisha andika barua kwa mwenye barabara. Weka namba ya kiwanja na kitalu, na mchoro wa mkono unaoonyesha upana wa geti, upana na kina cha mtaro, na umbali kutoka ukutani hadi kwenye lami. Ipitishe serikali ya mtaa igongwe muhuri, na usikubali jibu la mdomo. Ukiwa ndiyo kwanza unajenga, iweke njia hiyo kwenye michoro ya kibali cha ujenzi cha manispaa, usisubiri hadi nyumba iishe.

Sasa mtaro wenyewe, ambako ndiko mitaa yetu inakoharibikia. Fundi wa haraka atakwambia ufukie kifusi na kulaza bomba la inchi 4 chini yake. Piga hesabu: mtaro wa sentimita 60 kwa 60 una nafasi ya sentimita za mraba 3,600, bomba hilo lina kama 80 tu. Umeminya njia ya maji zaidi ya mara 40, na pampasi moja inatosha kuliziba kabisa. Mvua ya masika ikija, maji yanapanda barabarani, yanaingia kwa jirani wa juu yako, na yanakula ukingo wa lami mpaka unamegeka. Vivyo hivyo kwa ile ngazi ya zege inayomwagwa kutoka getini hadi juu ya lami: inageuka bwawa dogo la kuzuia maji ya barabara yasifike mtaroni.

Kama mtaro umejengwa, tumia mifuniko ya zege inayoinuka. Kwa mtaro wa sentimita 60 wenye kuta za sentimita 15, mfuniko uwe na urefu wa 90, upana wa 50 na unene wa 15. Geti la mita 4 linahitaji mifuniko 8, na zege lake lote ni kama nusu mita ya ujazo, yaani mifuko 4 ya saruji. Changanya 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto. Kwa ndoo ya lita 20, mfuko mmoja wa kilo 50 unachukua ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto. Maji yazidi ndoo moja kidogo tu, na yapungue zaidi kama mchanga umelowa. Fundi hupenda maji mengi kwa sababu zege linateleza vizuri, lakini likikauka linabaki na vitundu na nguvu kidogo.

Nondo za milimita 12 zilale kwa urefu wa mfuniko, kila sentimita 15, zikatizwe na za milimita 10. Ziwe chini, sentimita 3 tu kutoka sakafu ya kimbao (fremu ya mbao ya kumiminia zege), zikikalia vijiwe vya zege. Tairi likipita, upande wa chini ndio unaovutwa na kupasuka. Nondo iliyopandishwa katikati husaidia kidogo sana. Weka vishikio viwili vya nondo kila mfuniko, maana mmoja una kilo kama 160 na bila vishikio hakuna atakayeuinua kuzoa takataka. Mwagilia siku 7, na gari lisipite kabla ya siku 28.

Kuta za mtaro zikiwa zimechoka, mimina kwanza mkanda wa zege juu yake, la sivyo mifuniko itazisukuma zianguke ndani. Mtaro ukiwa wa udongo, laza kalavati la kipenyo cha sentimita 60 au zaidi, jenga kuta ndogo pande zote mbili za mdomo, na ufuate mteremko uleule wa mtaro.

Geti lifunguke kwa ndani au liteleze. Likifunguka nje linampiga mpita njia. Ukiweza, lisogeze ndani mita 5 kutoka kwenye lami ili gari lisisubiri barabarani. Gari moja linahitaji mita 2.5 kwa 5, na ongeza mita moja upande wa kufungulia mlango.

Kwenye uwanja, chimba sentimita 27: moramu 15 iliyoshindiliwa, mchanga 4, pevingi ya milimita 80. Ile ya 60 iache kwa njia za miguu. Bila kingo za zege pembeni, pevingi hutawanyika ndani ya miezi michache. Mteremko uwe sentimita 2 kila mita, ukikimbia nyumba. Uwanja ukiwa chini kuliko barabara, inua kizingiti cha sentimita 10 getini, na maji ya ndani yapeleke kwenye shimo la kunyonya. Maji ya jikoni na chooni yasiingie mtaro wa mvua kamwe.

Kabla ya masika ya Machi na vuli ya Oktoba, inua mifuniko yote 8, zoa mchanga, na upeleke tope mbali. Likirundikwa ukingoni, mvua ya kwanza italirudisha humo humo.