Wanahema, Hawana Njaa

Saa 11 alfajiri simu inaita. "Bwana samaki, wamejaa juu ya maji midomo wazi. Nimewamwagia mashudu, hawagusi." Mvua zikianza hapa Dodoma simu za namna hii hazikauki, na jibu langu ni lilelile: ndoo ya mashudu irudi stoo.

Sato anayepanda juu alfajiri anatafuta hewa. Mwani unaoyapa maji rangi ya kijani hutengeneza oksijeni mchana penye jua, kisha usiku unaivuta wenyewe. Kabla tu hakujapambazuka ndipo inapobaki kidogo kabisa. Jana yake kukiwa na mawingu mazito na upepo umekata, hata cha kubakiza hakikuwepo. Hapo wewe unaongeza mashudu ya alizeti. Yanazama, yanaoza, na kuoza nako kunakula oksijeni. Umewaua kwa mkono wako, halafu unaniuliza ni ugonjwa gani.

Wachungulie tena saa 4 asubuhi. Wakiwa wamerudi chini, shida ilikuwa hewa. Wakihema hadi mchana, shuku amonia (sumu inayotokana na kinyesi na chakula kinachooza) au matamvua, viungo vya kupumulia, yaliyoharibika. Oksijeni ikipungua, wakubwa ndio hutangulia kufa, vifaranga hubaki. Kambale usimfanye kipimo. Kupanda kuvuta hewa ni tabia yake.

Sasa sahani ya kupimia ukijani wa maji, ambayo wengi mnaidharau. Kata kifuniko cha ndoo kiwe duara la upana wa sentimita 20. Kigawe robo nne, mbili zinazotazamana paka nyeusi, mbili nyeupe. Chini funga jiwe, juu funga kamba yenye fundo kila sentimita 10. Pima kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, jua likiwa mgongoni. Si saa 12 jioni ukitoka kazini! Kipimo cha jioni sikipokei. Ishushe mpaka ipotee, ivute mpaka ionekane, chukua katikati ya namba hizo mbili.

Sentimita 30 hadi 40, endelea kama kawaida. Kati ya 20 na 30, chakula nusu na samadi isimame. Chini ya 20, hakuna chakula, hakuna samadi, maji yatolewe. (Maji yakiwa mekundu kwa tope la mvua, sahani haikuambii lolote kuhusu mwani.)

Toa robo ya maji. Bwawa la mita 10 kwa 5 lenye kina cha wastani cha mita 1 lina lita 50,000, kwa hiyo robo ni lita 12,500. Hesabu ikikushinda, chomeka kijiti na ushushe maji sentimita 25. Yatoke ya chini penye tope jeusi, siyo haya ya juu yenye hewa. Najua boza la maji linavyouma mfukoni, ila maji hayo hayapotei: yapeleke kwenye zabibu au mchicha. Na kujazia kilichokauka kwa jua siyo kubadilisha maji. Kinachopaa ni maji matupu. Chumvi na kinyesi vinabaki, na mkijazia tu tangu Mei, Septemba mnafuga samaki kwenye mchuzi.

Maji ya bomba yakae saa 24 kwenye tenki lililo wazi ili klorini itoke. Ya kisima kirefu yarushe kutoka juu yaanguke kwa kishindo, maana hutoka ardhini na hewa kidogo.

Alfajiri ileile ya dharura, pampu inyonye maji ya bwawa na kuyarusha juu yarudi humohumo. Huna pampu, chota kwa ndoo na umwage kutoka usawa wa kichwa mpaka saa 2 asubuhi. Usiku unaofuata anza saa 9, usisubiri uwaone juu.

Chokaa usiimwage ndani samaki wakiwa wanahema. Hupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali kwenye maji), na pH ikipanda amonia huzidi ukali. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvichumvi na magumu, chokaa hamkuwa mkiihitaji tangu mwanzo. Vidonge vya kuku navyo viacheni bandani.

Wakilala chini alfajiri tatu mfululizo na sahani ikasoma 30, rudisha chakula, nusu kwanza, saa 4 asubuhi jua likiwa limewaka.