Jina la Kiskoti kwa binti, litamkeni kwanza

Kwa mlioolewa au kuoa Scotland na mnasubiri binti, nawaomba sana, msichague jina kwa kuliangalia tu kwenye karatasi, mwambieni bibi au babu wa upande ule alitamke kwa sauti mlisikie. Majina mengi ya zamani kule ni ya Kigaeli, lugha ya zamani ya huko, na herufi zake hazisomeki kama zetu. Chukua Eilidh, hiyo dh ya mwisho hata haisikiki, ni "Eili" basi. Mhairi ndo linachanganya watu zaidi, linatamkwa "Vari", na asili yake ni Màiri yaani Mariamu, sasa kwa Kigaeli ukimwita mtu ile m ya mwanzo inalainika inakuwa v, watu wakalizoea hilo la kuitia mpaka likawa jina kamili, mi nalipenda kweli.

Mkishindwa kukubaliana kuna desturi yao ya zamani, binti wa kwanza anapewa jina la mama mzaa mama, wa pili la mama mzaa baba, wa tatu la mama yake mwenyewe. Sisi tuliorithi majina ya mabibi zetu hili tunalielewa haraka tu.

Ila msikae nalo sana maana mtoto kule anatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 21, kwa hiyo mapema liunganisheni na la ukoo, Eilidh Juma, Mhairi Juma, mlisemeseme hapo nyumbani muone kama ulimi unateleza.